Mafuta ya Simsim na Kiti cha Mbele

Alhamisi, 22 Septemba 2016

Leo vuli imeanza Dubai, ile ya Wazungu ya majani kupukutika. Mimi sikujua, nimeambiwa. Saa mbili asubuhi Madam Gillian alishuka kwenye teksi na katoni, akaniamuru nimshikie ngazi, akabandika majani ya plastiki kwenye mlango wa kioo: mekundu, ya njano, ya rangi ya kutu. Nyuma ya kila jani kuna kibandiko kinachosema limetengenezwa China. Nje ilikuwa nyuzi arobaini na moja. Mti pekee ninaouona kutoka dirisha la korido ni mtende wa hoteli ya jirani, na haujaangusha hata ukuti mmoja.

"Gerishom, unausikia?" aliniuliza kwa Kiingereza chake cha puani. "Msimu unageuka."

"Yes madam," nikasema. Shati lilikuwa limenigandama mgongoni kwa jasho la kuipokea katoni yake kule nje.

Mimi ni mlinzi. Miaka saba nilifundisha darasa la sita huko Vihiga, na miaka mitano sasa nasimama kwenye milango ya watu. Mlango wa sasa ni wa kituo cha mizani ya mwili, ghorofa ya tatu ya hoteli moja hapa Al Rigga, Deira. Watu wanakuja kupakwa mafuta, kulala kwenye mikeka na kuambiwa wapumue. Kazi yangu ni kufungua mlango, kutabasamu, na kuandika kwenye OB, yaani daftari la matukio, nani ameingia na nani ametoka. Daftari hili ninaloandika sasa ni OB ya mwaka jana ambayo haikujaa. Kwenye ile rasmi kila siku naandika "hali shwari". Humu nitaandika ninachokiona.

Ijumaa, 23 Septemba

Off. Nimefua, nimelala.

Jumapili, 25 Septemba

Nimesikiliza somo zima kupitia kioo, maana ukumbi hauna pa kufichia sauti. Ni elimu ya Wahindi wa kale inayoitwa Ayurveda, na Madam Gillian, mzaliwa wa mji fulani wa mvua huko Uingereza, ameisomea majuma sita. Eti vuli ni msimu wa upepo. Upepo ukizidi mwilini, ngozi inakauka, tumbo linakaza, mawazo yanakimbia, mtu anashtuka ovyo na usingizi unamtoroka. Dawa yake ni vitu vya moto, vizito, vyenye mafuta, na zaidi ya yote kufanya jambo lile lile saa ile ile kila siku. Amka kabla ya jua. Kunywa maji ya moto. Jipake mafuta ya simsim yaliyopashwa, kisha oga. Kula chakula kilichopikwa kikaiva. Jioni maziwa na kungumanga, mafuta kwenye nyayo, soksi, kitandani mapema. Mpango huu wameuita Siku Sitini za Mizani.

Wanafunzi ishirini, wake wa wakubwa wa benki na mabwana wenye vitambi vya heshima, walikuwa wamejifunika mablanketi wakitetemeka. Madam akawaambia, mnaona, ndiyo baridi ya msimu hiyo. Esi ilikuwa kwenye nyuzi kumi na nane! Rimoti iko mezani, mbele ya macho yake. Watu wazima, wenye shahada, na hakuna mmoja aliyenyanyua mkono kusema zimeni hilo dude.

Mchana wakaletewa chakula cha kutuliza upepo. Redempta ndiye anayepika na kugawa chai pale ndani, Mhaya wa Muleba, mama wa watoto watatu. Nikamuuliza ni nini hicho wanachokila wamefumba macho.

"Mseto, kaka Gerishom. Wali na choroko, na samli kidogo. Mama yangu alikuwa anatupa mtu akiumwa tumbo."

"Na hawa wanaumwa nini?"

"Wewe mwalimu kwa kudharau!" akacheka, akaenda na sinia lake.

Jumatano, 28 Septemba

Leo dereva wetu karibu atumalize.

Kambi yetu iko Dubai Investments Park, na kutoka huko hadi Deira ni dakika hamsini barabara ikiwa tupu. Basi linaondoka saa kumi na moja kasorobo alfajiri na walinzi thelathini na mmoja, wote wamelala midomo wazi isipokuwa mimi. Mimi hukaa kiti cha mbele ubavuni mwa mlango, kwa sababu miguu yangu ni mirefu na kwa sababu hakuna aliyethubutu kumnyang'anya mwalimu kiti. Leo Onesmus alikanyaga breki mahali pasipo na kitu, vichwa vyote vikagonga viti vya mbele.

"Nilidhani kuna mtu anavuka," akasema.

Hakukuwa na mtu. Onesmus ni Mkamba wa Mwingi, miaka arobaini na minne, mpole hadi anaudhi. Chumbani analala kitanda cha chini, mimi cha juu yake. Mama yake alifariki mwezi wa nane. Kampuni ilimnyima likizo kwa kuwa hakuna dereva mwingine, kwa hiyo mazishi aliyatazama kwenye simu, amesimama kando ya mapipa ya taka ya kambi, maana hapo ndipo mtandao ulishika. Tangu siku hiyo halali. Kila akijigeuza chuma cha kitanda kinalia, na kinalia hadi anapoamka kwenda kuwasha basi.

Nilimpa pole wakati ule, sikatai. Lakini mimi pia nilimzika baba kwa simu, mwaka 2013, na kesho yake saa kumi na mbili kamili nilikuwa mlangoni na tai imenyooka. Mtu mzima anajikaza. Hatembei na msiba wake kama bango.

Jumamosi, 1 Oktoba

Jioni, tukingoja wenzetu nyuma ya hoteli, Onesmus alinijia.

"Mwalimu, hao watu wa huko juu wanafanyiwa nini? Nawaona wakiingia wamekunjamana, wakitoka nyuso zimelegea."

"Wanapakwa mafuta kama maandazi."

Akacheka kidogo. "Na wanalala?"

"Wanalala mchana kutwa, kwenye mikeka."

"Usiku nasema. Wanapata usingizi?"

Nikamwambia tajiri analala vizuri kwa sababu hana basi la kuwahi. Redempta alikuwa ametoka kutupa takataka, akasikia. Akarudi ndani, akatoka na karatasi ya mpango, ile wanayopewa wateja, akamtafsiria mstari kwa mstari palepale kwenye ngazi za dharura. Onesmus alikuwa akiitikia kwa kichwa mfululizo, makini kama mtoto anayetumwa dukani. Nilitazama pembeni kwa aibu niliyomwonea.

Jumatatu, 3 Oktoba

Nimecheka hadi mbavu zikauma.

Onesmus amenunua mafuta ya simsim. Ameyapasha kwa kutia chupa kwenye bakuli la maji ya birika, akajipaka kuanzia kisogo hadi unyayo kama karatasi inavyosema. Dakika mbili baadaye chumba kizima kilikuwa kinanuka mkahawa wa Mchina. Tonny, kijana wa Umoja Nairobi mwenye kitanda cha pembeni, aliinuka akinusa.

"Manze, nani ameleta noodles na hajaita watu?"

Nikachukua chupa nikasoma. Yalikuwa yale meusi, ya simsim iliyokaangwa, ya kumwagia tambi! Mtu mzima amejiunga mwili mzima kama mchuzi. Ameoga mara tatu na bado ananukia. Leo kwenye basi watu walikuwa wanauliza nani ana njaa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Sasa kambi yote inamwita Mzee Tambi. Jina nimelitoa mimi.

Jumapili, 9 Oktoba

Redempta amemletea mafuta yaliyo sawa, meupe, yasiyo na harufu. Mama huyu ana muda wa kupoteza.

Sasa tuna liturujia. Tunafika kambini saa moja na nusu jioni. Saa mbili kasoro Onesmus anakula mseto aliopika jikoni mwa wote. Kisha maziwa ya moto. Kisha bakuli, chupa, nyayo, soksi za sufu, katika jangwa hili. Saa mbili na nusu amegeukia ukuta. Leo akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mkuu wa chumba, tupunguze sauti za simu na mpira kuanzia saa hiyo.

Nikamwambia mbele ya wote kwamba chumba cha watu sita si kliniki. Ukimpa mmoja kimya chake, kesho mwingine ataomba giza lake. "Sawa, mwalimu," akasema. Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu.

Jumanne, 11 Oktoba

Tonny, ambaye sauti ya simu yake inasikika hadi Jebel Ali, ameanza kuvaa earphone usiku. Sikumtuma. "Si ni mzee tu, wacha alale," akaniambia. Wale wengine wakafuata. Yaani uamuzi wangu haujamaliza hata siku tatu.

Ijumaa, 14 Oktoba

Off. Onesmus anakoroma. Nimemtazama kutoka kitanda changu cha juu, mdomo wazi, soksi za sufu.

Jumatano, 19 Oktoba

Basi linakwenda limetulia siku hizi, ukisimamisha glasi ya maji haimwagiki. Onesmus ananyoa ndevu. Ananenepa mashavu. Asubuhi ananisalimia, "Habari ya kuamka, mwalimu," kwa sauti ya mtu aliyeamka kweli.

Niseme ukweli, inaniudhi. Usingizi ungemrudia tu, miezi miwili baada ya msiba kila mtu hurudiwa. Lakini sasa sifa zote amepewa mafuta. Ukimwambia hivyo anakubali, na bado jioni anapasha bakuli lake.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimemwona Madam Gillian kwenye ngazi za dharura saa tisa mchana: sigara mkono mmoja, kipande cha pizza baridi mkono wa pili, cola ya barafu kwenye sakafu. Baridi, kavu, na upepo wa ngazi ukimpiga kisogoni. Aliponiona alisema, "Usiniandike kwenye daftari lako, Gerishom." Nikamwambia yes madam. Sasa nimemwandika.

Jumatatu, 24 Oktoba

Leo nilikuwa katika hali ya juu. Baada ya chakula nilipanda juu ya ndoo, nikaifungua karatasi ya Onesmus na kuisoma kama mhubiri wa mkutano wa injili. "Wapendwa, fungueni nyayo zenu! Leteni soksi kwa imani! Na upepo utawatoka!" Chumba kilikufa kwa kicheko, wakaja hadi wa chumba cha jirani. Hata Onesmus alitabasamu akiwa ameshika bakuli lake. Sijawahi kuchekewa hivyo tangu niache darasa.

Tonny peke yake hakucheka mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mwalimu, kwani mzee amekukosea nini?"

Nikashuka kwenye ndoo. Upuuzi haulazimiki kunikosea ndipo niuseme.

Ijumaa, 28 Oktoba

Off, lakini siku haikuwa ya mapumziko.

Asubuhi Tonny ametoka bafuni na ndala, akakanyaga tone la mafuta kwenye vigae, akateleza akaanguka kwa makalio. Hakuumia. Alicheka mwenyewe. Lakini mimi ndiye mkuu wa chumba, na ajali ingetokea lawama ingekuwa yangu. Nikasimama nikatangaza: kuanzia leo hakuna mafuta, hakuna bakuli, hakuna birika chumbani. Nikachukua chupa chini ya kitanda cha Onesmus, ilikuwa imebaki zaidi ya nusu, nikaimwaga kwenye sinki la choo mbele ya macho yao.

"Mwalimu, mimi nimeteleza tu, sijavunjika," Tonny akasema. "Rudishia mzee vitu zake."

"Nimeshamwaga. Khalas."

Onesmus alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa hadi magotini, tayari kwa kujipaka. Akaishusha polepole, mguu mmoja kisha wa pili.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Jumapili, 30 Oktoba

Chuma cha kitanda kinalia tena.

Jumatatu, 31 Oktoba

Kinalia.

Jumatano, 2 Novemba

Onesmus hajanyoa. Mseto hapiki tena, anakula mkate mkavu na chai baridi amesimama. Nilimwambia anaweza kujipakia bafuni kama anapenda mafuta sana, akasema haina haja. Leo alfajiri breki mbili. Mara ya pili nilimwona kwa macho yangu: kidevu kilishuka kifuani, kikakaa hapo, kikapanda.

Alhamisi, 3 Novemba

Esi ya mbele inanipuliza shingo. Nimehamia kiti cha nyuma kabisa. Tonny amekirukia kile changu kabla hakijapoa, amenyoosha miguu kama bosi. Kwenye OB: hali shwari.

Jumamosi, 5 Novemba

Nyuma kuna mtikisiko, lakini mtu anazoea.

Jumanne, 8 Novemba

Hakuna la kuandika.

Jumatano, 9 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na moja na dakika kumi basi lilikuwa barabara kuu, njia ya kulia. Nilikuwa macho. Hakukuwa na ukungu. Naandika hivi kwa sababu tangu mchana wenzangu wameanza kusemezana kwamba kulikuwa na ukungu, ili wamkinge Onesmus. Barabara ilikuwa safi na taa zote zinawaka. Mbele kulikuwa na matengenezo, vizuizi vya zege vimepangwa upande wa kulia. Niliviona kutoka kiti cha nyuma. Niliona basi linavifuata taratibu, bila haraka, kama mtu anayekwenda zake. Nilifungua mdomo kuita na sauti haikutoka. Sijui kama ni sekunde mbili au tano. Mwalimu mzima, niliyekuwa nikinyamazisha watoto hamsini kwa neno moja, nilikosa jina la mtu ninayelala juu yake.

Kona ya mbele kulia ikaingia kwenye zege. Kishindo, kisha kioo, kisha watu wakaita mama zao kila mtu kwa lugha yake. Waliokuwa katikati walipata michubuko. Mimi nilipata nundu kwenye paji la uso tu. Mlango wa mbele ulikunjika ndani na kumbana Tonny kwenye kiti. Ilibidi waje na mashine ya kukata chuma. Dakika arobaini. Alikuwa anapiga mayowe mwanzoni, halafu akawa anatukana kwa Kiswahili cha Umoja, halafu akanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kulikonitia hofu kuliko mayowe. Ni nyonga na paja.

Onesmus hakuwa na jeraha lolote. Alipiga magoti kwenye lami, akaingiza mkono kwenye ufa wa mlango, akamshika Tonny vidole dakika zote arobaini. Polisi walipokuja kumchukua walingoja kwanza vidole viachiane.

Esi ya basi lile imeharibika tangu Julai. Nimeandika uongo kwenye daftari langu mwenyewe, ambalo hakuna anayelisoma. Nilihama kwa sababu nilijua.

Ijumaa, 11 Novemba

Nimekwenda hospitali. Tonny amefanyiwa upasuaji, ana vyuma pajani. Daktari anasema atatembea, lakini kazi ya kusimama kwa saa kumi na mbili mfululizo asahau.

"Mwalimu, hiyo kiti yako iko na nuksi," akaniambia akijaribu kucheka. "Bahati yako ulihama."

Hajashuku kitu. Nilimmenyea chungwa, nikamlisha vipande, nikaondoka. Nilijionea haya ambayo sijawahi kuonea mtu mwingine, na mimi watu wengi nimewaonea haya.

Jumamosi, 12 Novemba

Supavaiza wetu, Shakir, Mzanzibari aliyekaa Dubai miaka ishirini, ameniita ofisini. Anahitaji ripoti ya shahidi, na Kiingereza changu ndicho kinachosomeka.

"Andika mistari mitano tu, bwana. Dereva kasinzia, uzembe wake, khalas."

Niliandika kurasa tatu. Niliandika kuwa Onesmus anaendesha alfajiri, anarudi mchana kubadilisha zamu, anaendesha tena jioni, siku sita kwa wiki. Niliandika kuwa alinyimwa likizo ya kumzika mama yake. Niliandika kuwa alipata njia ya kulala, na mimi, mkuu wa chumba, nikaimwaga kwenye sinki. Niliandika kuwa tarehe mbili niliona anasinzia kwenye usukani, kesho yake nikahama kiti, sikumwambia mtu.

Shakir alisoma, miwani imeteremka puani. Alipofika mwisho aliivua.

"Bwana wee, sasa hii ripoti au kitubio? Mambo ya mafuta na viti kampuni haiyataki. Na hili la zamu ndio kabisa, utatuponza sote. Futa."

"Sifuti."

"Basi takaa nayo." Akavuta karatasi nyingine akaandika mwenyewe. Mistari mitano.

Nimeipeleka yangu kituo cha polisi. Afisa ameipokea, ameipiga muhuri, ameiweka juu ya karatasi nyingine. Sikuambiwa zaidi.

Jumanne, 15 Novemba

Onesmus ametoka mahabusu. Leseni imechukuliwa, kampuni imefuta viza yake. Anangoja tiketi. Hakuna anayemwita Mzee Tambi.

Jumatano, 16 Novemba

Redempta ameniuliza kama yale mafuta aliyomletea Onesmus yalimfaa. Nikamwambia yalimfaa sana, ndiyo maana niliyamwaga. Ilibidi nimweleze yote, hapo mlangoni, wateja wakipita na mikeka yao.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, bila ukali, "Kaka Gerishom, tangu tujuane umenichekesha sana. Lakini sijawahi kukusikia ukimuuliza mtu hajambo ukangoja akujibu."

Akaingia ndani. Nilifungua mlango, nikasema welcome, nikafunga. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Jumamosi, 19 Novemba

Nimenunua mafuta, yale meupe. Nimechemsha maji, nimetia chupa kwenye bakuli, nimeliweka sakafuni mbele ya kitanda chake. Wote chumbani wamenitazama, mkuu wa chumba akivunja sheria yake mwenyewe.

"Ya nini sasa, mwalimu?" Onesmus akasema. "Simwendeshi mtu tena."

Bakuli lilipoa hapo hapo.

Jumatatu, 21 Novemba

Siku ya mwisho ya Siku Sitini. Wateja wamepewa vyeti, vyenye picha ya mizani na saini ya Madam Gillian. Mke mmoja wa mkubwa wa benki alilia kwa furaha akisema sasa analala kama mtoto mchanga. Zamani ningeandika ukurasa mzima juu ya huyu mama. Nimemfungulia mlango tu. Amelala, na yeye kulala kwake hakujamvunja mtu paja.

Madam, yeye, bado namdharau. Ameniamuru nishike ngazi tena: majani yanatoka, theluji ya pamba inaingia.

Ijumaa, 25 Novemba

Off. Onesmus anaondoka kesho alfajiri.

Amepata usingizi leo, saa nne asubuhi, bila mafuta, bila maziwa, na viatu miguuni, katikati ya kupanga sanduku. Chumba cha jirani walikuwa na mpira. Nilitoka nikawaomba wapunguze. Niliwaomba, sikuwaamuru, wakashangaa wakapunguza. Kisha nikasimama nje ya mlango wetu. Aliyetaka kuingia nilimwambia ngoja. Mmoja alitaka chaja yake, nikaingia kwa kunyata nikamtolea. Nilikaa pale kwa saa sita, bila kwenda hata kula.

Saa kumi nilisikia kitanda kinalia, nikaingia. Alikuwa ameketi, mikunjo ya shuka imemchora shavuni. Nilijua nisipolisema leo sitalisema tena.

"Onesmus, ile siku niliyohamia nyuma, sikuhama bure. Nilikuona unasinzia. Nikaogopa roho yangu, nikakaa kimya, nikamwachia Tonny kiti."

Hakushtuka. Alikuwa anafungua kamba za viatu.

"Najua," akasema. "Nilikuona kwenye kioo."

"Kioo gani?"

"Cha dereva. Nilikuona umebeba begi lako unakwenda nyuma. Nikasema, asante Mungu, mwalimu ameona. Atamwambia Shakir nipumzishwe. Mimi mwenyewe singeweza kusema, wangenirudisha nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini wewe ukisema watu wanasikiliza." Alivua kiatu kimoja, akakiweka chini. "Asubuhi tano nilikuangalia kwenye kile kioo. Kila siku nasema, leo atasema."

Nilitaka kusema pole, na nikaona ni neno la mtu anayetaka kujibiwa.

Alivua kiatu cha pili. Akaniuliza ni saa ngapi, nikamwambia saa kumi. Akasema basi bado ana muda, akajilaza, akageukia ukuta.